Wasomaji Wanauliza: Ol Doinyo Lengai, Kupanda Usiku na Kushuka Kabla ya Jua Kali

Tuliomba maswali kuhusu Ol Doinyo Lengai, volkano hai iliyo kusini mwa Ziwa Natron, wilayani Ngorongoro. Wengi wameuliza kama kweli mtu anaweza kupanda na kurudi siku hiyohiyo. Anaweza, na karibu wote hufanya hivyo. Ila siku yenyewe huanza usiku.

Kwa nini lazima tuondoke saa sita usiku? Mimi giza linanitisha kuliko mlima. (Msomaji, Dodoma)

Sababu ni jua, ndugu yetu. Kuanzia chini hadi juu hakuna kivuli wala tone la maji. Bonde la Natron liko mita 600 hivi tu juu ya usawa wa bahari, na mchana joto hufika nyuzi 40. Kilele kiko mita 2,962. Gari linakushusha karibu na mita 800, kwa hiyo miguu yako inadaiwa zaidi ya mita 2,000 za kwenda juu tu.

Mwenye mwendo wa wastani hupanda kwa saa tano hadi sita, na kushuka kwa saa nne au tano. Ukianza saa sita usiku, utakuwa juu saa kumi na moja au kumi na mbili alfajiri, na kufikia saa tano asubuhi umeshafika kwenye gari. Anayeanza saa kumi alfajiri atakuwa bado anashuka saa nane mchana, chupa zimekwisha na majivu yanamrudishia joto usoni. Wengi wanaozidiwa kwenye mlima huu huzidiwa wakiwa njiani kurudi.

Wekeni kikomo kabla hamjaondoka: ikifika saa tisa na nusu usiku hamjavuka mita 1,900, ambayo ni kama nusu ya safari, geukeni. Muongozaji akisema turudi, msibishane naye.

Nimezoea kupanda Longonot kwa raba. Je, Lengai nitaiweza? (Msomaji, Nakuru)

Longonot, ile volkano ya karibu na Naivasha nchini Kenya, ni mazoezi mazuri, lakini usiifanye kipimo. Kutoka getini hadi ukingo wa kreta (shimo la juu ya volkano) ni kilomita 3.1, kuuzunguka ukingo ni kilomita 7.2, na kilele cha mita 2,776 kinakudai mwinuko wa mita 600 na ushee. Lengai ni zaidi ya mara tatu ya hapo, kwa mkupuo mmoja. Ukiweza kupanda na kushuka ngazi au kilima kwa saa mbili mfululizo ukiwa na begi la kilo tano, na kesho yake ukatembea bila kuchechemea, uko karibu.

Raba iache nyumbani. Sehemu ya chini ni majivu laini: unapanda hatua mbili, unarudi moja. Juu zaidi majivu yameshikana kama zege, na mvua zimeyachonga mifereji. Juu ya zege hilo kumetawanyika changarawe ndogondogo, na hizo ndizo zinazoangusha watu. Fikiria umekanyaga punje za mahindi kwenye sakafu ya saruji, kisha uiinamishe sakafu hiyo hadi karibu nyuzi 45. Unahitaji buti zenye soli ngumu yenye meno, zinazobana kifundo cha mguu. Kata kucha za vidole siku mbili kabla, la sivyo zitagonga mbele ya buti wakati wa kushuka na kugeuka nyeusi.

Chukua glovu nene za kazi, kwa sababu kuna mahali utapanda kwa mikono na majivu hukwangua ngozi. Tochi iwe ya kichwani, yenye betri mpya na nyingine za akiba mfukoni. Tochi ya simu inakunyima mkono mmoja. Maji lita nne kwa kila mtu: mbili za kupandia, mbili zisiguswe hadi mgeuke. Ongeza pakiti mbili za ORS, ile chumvi ya kurudisha maji mwilini. Koti la upepo ni la lazima hata kama ulikuwa unatokwa jasho kambini, kwani juu utaganda ndani ya dakika kumi ukisimama umelowa.

Kofia ngumu nayo ivae. Jiwe likichomoka chini ya mguu wa aliye mbele halina kitu cha kulizuia. Usikae ndani ya mfereji mmoja chini ya mwenzako, pishaneni kwa upande, na anayeangusha jiwe apige kelele "Jiwe!" papo hapo.

Mwaka jana nilishuka kwa makalio, suruali ikaisha. Nilikosea wapi? (Msomaji, Moshi)

Huenda uliegemea nyuma. Ndivyo woga unavyomwelekeza kila mtu, lakini uzito ukienda nyuma soli huacha kushika. Kunja magoti kidogo, kifua kije mbele, hatua ziwe fupi. Penye majivu laini chimbiza kisigino. Penye ugumu weka soli nzima chini, mguu umeelekea pembeni. Fimbo mbili huyapunguzia magoti kazi kubwa. Penye mteremko mkali kabisa geuka uutazame mlima, ushuke kama unashuka ngazi.

Ni kweli lava ya Lengai ni baridi? (Mwalimu wa sayansi, Mombasa)

Baridi, hapana. Ina nyuzi 500 hadi 600, wakati lava za kawaida za basalti hupita 1,100. Ni volkano pekee hai duniani inayotoa lava ya aina hii, iliyojaa kaboneti za sodiamu na kalsiamu badala ya silika. Kwa lugha ya jikoni, ni jamaa wa karibu wa magadi. Ni nyepesi, hutiririka kama mafuta ya kupikia. Mchana huonekana nyeusi kama matope, na kwa sababu haing'ai mtu anaweza kuidhania tope kweli. Ikikutana na unyevu huanza kuwa nyeupe ndani ya saa au siku chache. Waambie wanafunzi wako pia kwamba moja ya madini yake makuu huitwa nyerereiti, kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere.

Ni ya asili ya magadi, kwa hiyo vumbi lake huwasha macho. Usiyafikiche, yaoshe kwa maji safi. Wavaa lenzi wavae miwani siku hiyo.

Tunaruhusiwa kuingia ndani ya kreta? (Msomaji, Arusha)

Msiingie. Milipuko iliyoanza Septemba 2007 na kuendelea 2008 iliifukua kreta ya kaskazini ikawa shimo lenye kuta wima, na tangu hapo lava imekuwa ikijaa sakafuni. Kingo zina nyufa na zinaweza kumeguka, na kaboni dioksidi inayotoka huko haina harufu ya kukuonya. Kaeni mita kadhaa nyuma ya ukingo, upande upepo unakotokea. Pia kumbukeni kwamba kwa Wamaasai huu ni Mlima wa Mungu, mahali pa maombi. Chupa na karatasi zote zishuke nanyi.

Msimu gani ni mzuri? (Msomaji, Tanga)

Juni hadi Oktoba. Epuka masika, Machi hadi Mei: majivu yaliyolowa huteleza kama sabuni, na radi ikikukuta juu huna pa kujificha. Mkiona umeme kwa mbali kabla ya kuanza, laleni; jaribuni usiku unaofuata.