Jiwe kama mfupa shambani Mipingo: usilichimbe kwanza

Mkuu, umeuliza kama hilo jiwe uliloliona shambani Mipingo ni mfupa wa mjusi (yaani dinosaria, yale majitu ya kale), na kama unaweza kulichimba ukaliweka nyumbani. Mimi naokota mawe tangu nasoma sekondari hapa Lindi, nikujibu kwa niliyoyapitia.

Litazame pale lilipovunjika. Mfupa uliogeuka jiwe una vitundu vidogo vidogo kwa ndani kama sponji, na ganda lililobana kwa nje. Mti uliogeuka jiwe una nyuzi zilizonyooka. Mimi huwa nagusisha ncha ya ulimi, mfupa mara nyingi unanata. Jiwe la matumbawe, lile la majumba ya zamani ya Mikindani, ukilidondoshea siki linatoa povu.

Ukiona vitundu, acha hapo hapo. Upo jirani na Tendaguru, kilima kilichotoa mifupa ya mijusi hiyo! Kuanzia 1909 hadi 1913 Wajerumani walitoa pale zaidi ya tani 200 za mifupa, lakini waliochimba na kubeba hadi bandari ya Lindi ni wazee wetu, na msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani. Yule mjusi wa zaidi ya mita 13 kwenda juu ambaye mifupa yake imesimamishwa kwenye makumbusho ya Berlin, Ujerumani, ametoka huku. Na wataalamu bado wanaisoma mifupa ile kwa sababu iliandikwa imetoka shimo gani.

Umuhimu wa kuandika mahali niliujua kwa uchungu. Nilikuwa na boksi zima la makombe ya baharini yaliyogeuka mawe. Siku moja akaja mtaalamu wa miamba, akashika moja lenye matuta mgongoni, akaligeuza taratibu, akauliza, "Hili uliliokota wapi?" Sikukumbuka. Akalirudisha kwenye boksi.

Sasa kwenye kikundi chetu cha waokota mawe kila jiwe lina bahasha yake ya kaki: mahali, tarehe, aliyeokota. Tunaokota yaliyolala juu tu, na mifupa hatugusi kabisa. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hairuhusu kuchimba bila kibali.

Kwa hiyo funika na udongo kidogo mvua isilibomoe, chukua lokesheni kwenye simu, mwambie mtendaji wa kijiji awafikishie watu wa mambo ya kale. Halafu tuwekee picha ya pale lilipovunjika, na sarafu pembeni tuone ukubwa.