Mke mnene, mimba ya miezi mitano: ale kwa watu wawili au apunguze?

Mkuu, umeuliza kama unene wa mkeo utamdhuru mtoto, na kama umsikilize mama yako anayesisitiza ale kwa watu wawili. Mimi ni mwanamke mwenye mwili, niko Tabata, nimezaa wawili, na wa pili nilimbeba nikiwa na sukari ya mimba. Nakujibu nikiwa huko.

Kwanza asijikondeshe, mimba siyo wakati wa dayati. Mnene anatakiwa aongezeke kilo 5 hadi 9 mimba nzima, wakati mwenye uzito wa kawaida anaruhusiwa 11.5 hadi 16. Ni mwongozo wa Marekani wa 2009, ndio daktari wangu aliotumia. Na hao watu wawili wa bimkubwa, mmoja wao hajafika hata kilo! Miezi mitatu ya mwanzo hakuna cha kuongeza, na hata mwishoni kabisa nyongeza ni kama kalori 450 kwa siku. Chapati mbili na chai ya maziwa zinaipita hiyo.

Mimi ningehangaika na sukari kuliko mizani. Glukosi ya mama, yaani sukari ya kwenye damu, inavuka kondo kumfikia mtoto, ila insulini yake, homoni inayoishusha hiyo sukari, haivuki. Sukari ikipanda, mtoto inabidi atengeneze insulini yake mwenyewe, na hiyo ndiyo inayomnenepesha akiwa bado tumboni. Wangu alitoka na kilo 4.3, mawifi wakapiga vigelegele, "dume hilo!" Nesi yeye alikuwa anamtoboa kisigino ampime sukari. Kitovu kikikatwa, sukari ya mama inakatika ghafla ila insulini ya mtoto bado imejaa, kwa hiyo anaweza kushuka sukari hadi apate degedege. Mashine ikasoma chini. Akamweka titini palepale, alipoona hashiki vizuri akanikamua yale maziwa ya mwanzo, ya njano, akamnywesha kwa kijiko, akapima tena na tena mpaka ikapanda.

Watu humu watakwambia unene ni ukoo tu. Ukoo upo, sikatai. Ila soma habari za watu wa kabila la Pima, wenyeji wa asili wa Arizona, Marekani. Utafiti uliotoka mwaka 2000 ulilinganisha watoto wa nyumba moja: waliozaliwa kabla mama hajapata kisukari, na wadogo zao waliozaliwa akiwa tayari anacho. Hao wadogo ndio waliokuwa wanene zaidi, na kisukari kiliwapata zaidi. Baba akiwa ndiye mwenye kisukari, tofauti hiyo haikuonekana. Kwa hiyo tumbo lenyewe lina mchango wake, mbali na damu ya ukoo.

Sasa chakula. Soda iondoke kabisa ndani ya nyumba, na wewe pia usinywe mbele yake. Chupa moja ya kawaida ina sukari kama vijiko 9 vya chai. Juisi za boksi vilevile. Mimi ugali niliubakiza, ila mdogo, sahani ikajaa mchicha, dagaa na maharage, na baada ya chakula cha usiku mume wangu ananitembeza mpaka barabarani na kurudi. Majirani walidhani tumegombana tunasuluhishana.

Akishajifungua ndipo vita inaanza upya: mtori, supu ya kongoro, uji wa pilipili manga uliojaa sukari, eti maziwa yatoke. Mtori mwacheni ale, mtamu. Lakini maziwa yanaletwa na mtoto kunyonya mara kwa mara. Sisi wanene yanaweza kuchelewa siku kadhaa kujaa, na hapo ndipo ndugu wanakimbilia maziwa ya kopo. Msikubali haraka, ombeni nesi awasaidie kumshikisha. Miezi 6 ya maziwa ya mama tupu inampunguzia mtoto uwezekano wa kunenepa baadaye. Chipsi za kila jioni apunguze, maana aina ya mafuta anayokula inaonekana hadi kwenye maziwa yake.

La haraka kwenu ni kipimo cha kunywa glukosi gramu 75, kati ya wiki ya 24 na 28. Mkeo anakaribia. Kliniki wakipima mkojo tu, ulizeni hicho kinapatikana wapi. Kikikuta sukari, apimwe tena wiki 6 hadi 12 baada ya kujifungua, hata kama anajisikia mzima.