Usinunue Sabufa Kwanza: Ushauri kwa Mwalimu wa Bendi Anayeiga Vikosi vya DCI

Msomaji mmoja anayefundisha bendi ya matarumbeta shuleni ameniandikia. Ametazama video za fainali za Drum Corps International, DCI, mashindano ya vikosi vya ala za shaba na ngoma kule Marekani, na anataka bendi yake ifanane na vikosi vile: spika kubwa mbele ya uwanja, sinthesaiza (kinanda cha umeme), majukwaa ya kusukuma, mavazi ya kubana yanayong'aa. Shule imekubali kutoa fedha kidogo. Anauliza aanze kununua nini.

Namsihi asinunue chochote kati ya hivyo kwa sasa. Vitu alivyovipenda kwenye video ndivyo hasa mashabiki wa siku nyingi wa DCI wangevibadilisha wakipewa nafasi, na sababu zao ni za kiufundi. Si wazee wanaolilia ujana wao. Inaniuma kuona wanavyopuuzwa, maana masikio yao yamefunzwa kwenye majukwaa ya watazamaji kwa miaka mingi.

Fainali ya kwanza ya DCI ilifanyika mwaka 1972 huko Whitewater, Wisconsin, na Anaheim Kingsmen wakatwaa ubingwa. Miaka hiyo vikosi vilipuliza ala za shaba za ufunguo wa G tu, yaani zilizotengenezwa kwa msingi wa noti ya G. Mwaka 2000 funguo nyingine ziliruhusiwa, 2004 zikaja maikrofoni na spika, 2009 sinthesaiza na sauti zilizorekodiwa, 2014 tromboni na ala nyingine zote za shaba. Klarineti na saksafoni bado ni marufuku.

Ruhusa ya 2004 ilikuwa na sababu nzuri. Marimba na vibrafoni, ala za vibao vya kugonga, husimama mbele ya uwanja, na kabla ya maikrofoni mpigaji alilazimika kutumia fimbo ngumu na kugonga kwa nguvu zote ili asikike juu kwenye jukwaa la watazamaji. Sauti ilitoka kavu, na viganja viliumia. Leo anapiga kwa fimbo laini na mbao inaimba. Hilo nisingelirudisha nyuma, na mashabiki wengi hawadai lirudishwe.

Tatizo ni sinthesaiza inayofuata mstari wa tuba. Noti ya chini inayotumika sana kwenye tuba kubwa iko karibu Hz 58. Mtunzi anaandika sinthesaiza ipige noti hiyohiyo oktava moja chini yake, karibu Hz 29, kisha anaipitisha kwenye sabufa, spika za milio mizito, mbili au nne zilizopangwa mbele. Mawimbi marefu hivyo hayana mwelekeo: yanajaa uwanja mzima, na kwenye uwanja wenye paa kama Lucas Oil Stadium ya Indianapolis, ambako fainali zimekuwa zikifanyika tangu 2009, yanachelewa kufa. Akodi, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja, inayofuata inaingia juu ya mabaki ya ile iliyopita. Msikilizaji anatikisika kifua na kudhani amesikia tuba, kumbe wapuliza tuba wamefunikwa, na wao wenyewe hawajui kama wanalingana kwa sababu hawajisikii. Kosa la tuni linalofichwa na sabufa kwenye mazoezi halirekebishwi kamwe.

Kama tayari una kifaa hicho, fanya hivi. Pigisha kipande kizima huku sinthesaiza imezimwa. Mwanafunzi mmoja asimame juu kabisa jukwaani na nakala ya noti, atie alama kila akodi inayosikika tupu. Hizo zirekebishwe na ala zenyewe: ongeza mpulizaji kwenye sauti ya chini, punguza sauti za juu, au wasogeze tuba waelekee jukwaa. Zile zinazosikika imara bila sinthesaiza, ifute sinthesaiza hapo moja kwa moja. Ibaki kwenye milio ambayo ala zako haziwezi kuitoa.

Maikrofoni ya mpulizaji wa peke yake ina balaa lake. Sauti hewani husafiri takribani mita 340 kwa sekunde, yaani karibu milisekunde 3 kwa kila mita. Uwanja wa futiboli ya Kimarekani una upana wa takribani mita 49, kwa hiyo mlio kutoka mstari wa nyuma unafika mbele baada ya karibu milisekunde 145. Kwenye mwendo wa mapigo 180 kwa dakika, pigo moja ni milisekunde 333. Umeshapoteza karibu nusu ya pigo. Ndiyo maana wapigaji wa mbele hufundishwa kufuata mlio unaotoka mgongoni mwao, huku wapulizaji wakifuata mkono wa kiongozi na kiongozi akitazama miguu ya wapiga snea, zile ngoma ndogo kali. Sasa mfungie maikrofoni isiyo na waya mpulizaji aliye mita 30 nyuma: mawimbi ya redio hayangoji, anatoka kwenye spika milisekunde 90 kabla ya wenzake aliosimama nao bega kwa bega. Watu jukwaani wanasema bendi imeachana, na mwalimu anawagombeza watoto wasio na kosa. Dawa ni kuchelewesha mkondo wake kwenye mikisa, mashine ya kuchanganya sauti, kwa milisekunde 90, au kumleta mstari wa mbele apulize bila maikrofoni. Hii ya pili haina gharama, na mashabiki wangeipigia kura zote.

Baada ya sauti, kilio kikubwa ni muziki uliokatwakatwa. Onyesho la DCI ni la dakika kumi hadi kumi na mbili, na siku hizi unaweza kupata baa (vipande vya mapigo machache) nne za wimbo, mlipuko wa ngoma, sauti ya mtu akisoma maneno, baa sita za wimbo mwingine, na msikilizaji hana cha kuondoka nacho mdomoni. Kwa bendi ya shule nashauri angalau baa 16 za wimbo mmoja zisikatwe, mara mbili ndani ya onyesho, na mara ya pili bendi nzima ikiwa inatembea huku inapuliza. Vikosi vingi sasa hukimbia bila kupuliza, kisha husimama kupuliza. Kutembea na kupuliza kwa pamoja ndiyo kazi ngumu iliyoujengea mchezo huu jina: hatua nane kwa kila yadi tano, karibu sentimita 57 kila moja, kisigino kikigusa kwanza bila mdomo kutikisika kwenye ala.

Kwa nini wabunifu hawabadiliki? Tazama karatasi ya alama. Kati ya alama 100, 40 ni za athari ya jumla ya onyesho, 30 za mwonekano, 30 za muziki. Zile 30 za muziki ni jumla ya majaji watatu, wa ala za shaba, wa ngoma na wa muziki wote, wenye alama 20 kila mmoja, ikagawanywa kwa mbili. Kwa hiyo wapuliza ala za shaba, kundi kubwa kuliko yote uwanjani, wana alama zao wenyewe 10 tu kati ya 100. Mbunifu mwenye akili atawekeza kwenye zile 40. Simlaumu, nalaumu karatasi. Zamani, hadi 1983, majaji walikata sehemu ya kumi ya alama kwa kila kosa, na vikosi vikaogopa kujaribu mambo magumu. Sidai mfumo ule urudi. Ninachodai, na mashabiki wengi nao, ni jaji wa ala za shaba na jaji wa ngoma kila mmoja apewe alama 15 kamili, na athari ya jumla ishuke hadi 30. Mnaoandaa mashindano ya shule, msinakili karatasi ya Wamarekani kama ilivyo.

Majukwaa na kuta za mbao: ukuta wa mita mbili na nusu mbele ya wapulizaji unazuia milio ya juu na kuacha ya chini, kwa hiyo bendi inasikika kama iko chumba cha pili. Ukilazimika kuwa nao, uweke nyuma, uwe na matundu ya kupitisha upepo, na kila gurudumu liwe na breki. Gurudumu moja bila breki kwenye uwanja wenye mteremko kidogo linatosha kuumiza mtoto. Mavazi yana jambo moja tu: viatu na suruali vitofautiane rangi na nyasi, maana mistari ikipinda ni miguuni inakoonekana.

Fedha ulizopewa zigawe hivi. Kwanza rekebisha vali zinazokwama na ununue mafuta yake ya mwaka mzima. Kisha badilisha ngozi za snea zilizolegea. Kikibaki kitu, nunua spika moja ndogo ya betri kwa ajili ya metronomu, kifaa cha kuhesabu mapigo, na uiweke nyuma ya wapiga ngoma, si mbele karibu na kiongozi. Ikiwa mbele, walio nyuma wataisikia kwa kuchelewa, na mlio wao utachelewa tena ukirudi kwako.