Jina lilitoka kwenye cherehani yangu

Nashona sare za shule hapa Ngamiani, Tanga, kwenye kibaraza cha nyumba, na huu ni mwaka wa 11. Ukiniuliza ninapokaa nitakutajia namba ya barabara, maana Ngamiani ndivyo tunavyoelekezana, halafu nitakwambia fuata mlio wa cherehani.

Fundi wa sare anayajua mengi asiyoambiwa. Desemba ikiingia namjua nani kaja na kitambaa kipya, nani kaja kushusha pindo mwaka wa pili mfululizo, nani kaleta sketi ya dada mtu niipunguze kiuno ivaliwe na mdogo. Daktari naye huona yaliyofichwa, lakini daktari kafundishwa kufunga mdomo. Mimi sikufundishwa, na ndiyo sababu ya kuandika haya. Msiyasome kama maneno ya mama aliyefaulu kulea. Yasomeni kama maneno ya mama aliyeitwa shuleni.

Mwezi wa tatu, bibi mmoja aliniletea sketi ya mjukuu wake niitie kiraka. Vilikuwapo viwili tayari, alivishona mwenyewe kwa mkono, kila kimoja na bluu yake. Nikampokea kwa adabu zote, shikamoo bibi, marahaba mwanangu, nikamtajia bei na nikaipunguza kabla hajaomba. Nilikuwa mtu mwema kabisa mpaka alipokata kona. Alipokata kona nikaiinua ile sketi mbele ya shoga yangu tuliyekuwa tunapiga soga, nikasema: "Hii si sketi tena, hii ramani. Hapa Unguja, hapa Pemba, na leo naongeza Mafia."

Tukacheka mpaka machozi. Mwanangu wa pili alikuwa chini pale anajaza uzi kwenye bobini. Naye akacheka.

Wiki chache baadaye, saa nne asubuhi, mwalimu wa darasa la nne akanipigia simu. Kuna mtoto wa kike hajaonekana siku sita. Mwalimu alipouliza darasani nani anajua habari zake, sauti ikatoka nyuma: "Ramani kahama!" Darasa zima likaangua kicheko. Hapo ndipo mwalimu alipojua kwamba mtoto yule ana jina jingine, na alipofuatilia jina limeanzia wapi, akafika dawati la mwanangu. Mwanangu hakusema limetoka kwa nani. Mimi nilijua kabla mwalimu hajamaliza kueleza. Nilikaa na simu sikioni na sindano mkononi, uso umenishuka.

Watu husema Tanga waja leo waondoka leo. Mtoto yule alikuwa amekuja mjini mwaka huohuo kuishi na bibi yake, na alikuwa mbioni kuondoka kwa sababu ya mdomo wangu.

Baba wa mwanangu alipopata habari alisema ni utoto, watoto wote wanaitana majina, yeye mwenyewe shuleni alikuwa akiitwa Bakuli na hakufa. Kweli hakufa. Lakini jaribu kumwita Bakuli leo uone kama atacheka.

Shuleni kwenyewe palitolewa rai ya viboko. Kanuni zetu bado zinaruhusu, visizidi vinne, vichapwe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyepewa idhini yake kwa maandishi, na viandikwe kitabuni. Nikaomba asichapwe. Sikuomba kwa kuwa ni mwanangu, maana nyumbani mimi mwenyewe nimewahi kushika mwiko. Niliomba kwa sababu namjua. Angechapwa angehesabu moja, mbili, tatu, nne, akafuta machozi, akaona deni limekwisha. Na kwa wenzake angekuwa shujaa aliyepigwa kwa ajili ya "Ramani", jina likazidi kushika. Aliyekosewa angebaki nyumbani kwa bibi yake vilevile, na hakuna hata mmoja ambaye angekuwa amemtazama usoni.

Jioni ile tukaenda, mimi na yeye. Njiani nilimwambia jambo gumu kuliko yote niliyowahi kumwambia mwanangu: "Neno lile lilikuwa langu. Wewe ulilibeba, lakini mimi ndiye niliyelitoa. Kwa hiyo mimi nitaanza kuomba radhi." Hakujibu. Alikuwa anapiga kijiwe kwa mguu mpaka tukafika.

Bibi alitukaribisha mkekani kana kwamba tumekuja kumjulia hali. Kabla ya habari yoyote akaleta mhogo wa nazi, akamwekea kijana. Nikamweleza yote, mpaka lile la Mafia. Alisikiliza kimya huku anasuka ukili wake. Nilipomaliza hakunitazama mimi, alimgeukia mwanangu: "Mjukuu wangu anaitwa nani?"

Kijana akaduwaa. Hakulijua jina. Miezi mitatu darasa moja, safu mbili nyuma yake, na hakulijua. Bibi akamtajia, akamwambia alitamke. Akalitamka kwa sauti ya chini. "Tena." Akalitamka tena. Mtoto mwenyewe hakutoka chumbani siku ile, na bibi hakumlazimisha, na mimi nikaona ni haki. Tuna tabia ya kuwaburuta watoto waliokosewa waje wapokee samahani na kupeana mikono, eti yaishe, mradi sisi wakubwa tupumue. Alirudi shule Jumatatu ya pili yake. Marafiki hawakuwa, na sikutaka wawe kwa amri.

Sasa niseme nilichobadilisha nyumbani kwangu, maana ndicho kinachoweza kukufaa.

Kwanza kabisa ni soga za kibarazani. Mtoto hachukui adabu kutoka kwenye yale unayomwambia mtu usoni, kwa kuwa usoni sote ni waungwana. Anachukua kwenye yale unayosema mtu akishakata kona. Nilikuwa nimemfundisha mwanangu salamu, kupisha wakubwa njia na kupokea mizigo, na yote aliyashika. Akashika na lile jingine: kwamba mtu akigeuka mgongo ni wa kuchekwa. Na jirani tukimwita "yule mtu wa bara" au "yule mwenye jicho", mtoto anajifunza kwamba mtu aweza kubaki kasoro tupu, bila jina. Nimemwambia shoga yangu kwamba soga zenye watu ndani tutakuwa tunazipigia kwake, ambako hakuna watoto. Natania, lakini nusu tu.

Halafu kuna suala la utani, ambalo huku pwani lina uzito wake. Sisi tumelelewa na utani. Bibi anamwita mjukuu "mume wangu" na kumgombeza mama mtu kama mke mwenzake. Mabinamu wanatupiana maneno ambayo wengine wakisikia wanadhani ni ugomvi. Kwenye msiba mtani ndiye anayekuja kumwigiza marehemu watu wacheke katikati ya kilio. Kwa hiyo siwezi kumwambia mtoto wa Tanga asitanie, na ningemwambia angeniona nimechanganyikiwa. Nilichofanya ni kumwonyesha tofauti. Nilimwuliza: "Yule akikujibu, darasa litacheka na nani?" Akanyamaza. Alijua kwamba mtoto yule angejibu, darasa lingemcheka mara ya pili. Nikamwambia huo si utani. Mtani ana haki ya kukurudishia, na neno lake likawa zito sawa na lako. Tena mtani wako akifiwa unakwenda, unatumwa, unahangaika. Anayekuchekesha matangani ndiye huyohuyo aliyekesha nanyi. Je, wewe uliwahi hata kumpokea yule mtoto dumu la maji? Hakuwahi.

Swali langu la mchana nalo nimelibadilisha. Zamani mtoto akiingia tu, begi halijashuka, "Umepata ngapi? Umekuwa wa ngapi?" Hata Baraza la Mitihani, lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne mwaka 2023, liliacha kutaja shule na wanafunzi kumi bora, ila sisi mama zao bado tunatangaza kila siku jikoni. Siku hizi nauliza: "Leo nani hakuja shule?" Siku za mwanzo alijibu "sijui", au akabuni jina ili aende kula. Lakini ukijua utaulizwa, unaanza kutazama madawati. Baada ya muda akawa anajua. Siku moja akaja na habari kwamba mwenzao wa dawati la mbele hajaja siku mbili, mama yake kalazwa Bombo, na mtoto ndiye anayebaki na wadogo zake. Tulipeleka unga na dagaa. Aliyebeba ni yeye.

Hilo la kubeba nalisisitiza. Ramadhani tunapopelekeana futari, zamani nilikuwa natuma yeyote aliye karibu. Sasa nampa yeye sinia, nafunika kawa, na sharti lake ni kwamba apige hodi, aamkie, akabidhi sinia kwa mikono miwili na asubiri aambiwe nenda. Na kinachopelekwa ni kile tunachokula sisi, kitoke chunguni kwanza kabla hatujajipakulia. Mtoto akitumwa kupeleka kiporo anaelewa upesi sana thamani ya anayepelekewa. Akirudi na sahani yenye tende mbili au kipande cha boga, kwa kuwa sahani ya jirani hairudi tupu, anaelewa pia kwamba yule tuliyemhesabu hana, anacho cha kutoa.

Ya shuleni sasa. Ada kwenye shule zetu za serikali hakuna tangu 2016, lakini uji ni mapatano ya wazazi. Kwetu ilikuwa kwamba aliyechangia anapewa kikombe, asiyechangia anakaa chini ya mwembe mpaka wenzake wamalize. Kikao cha wazazi kilipofika nikasimama. Mimi si msemaji, nilitetemeka. Nikasema tunahangaika watoto wawe na huruma, na kila siku saa nne tunawakalisha darasa la kunywa huku mwenzako anakutazama. Mzazi mmoja akajibu, na hakuwa mtu mbaya: "Wakinywa wote, nani atachangia mwezi ujao?" Ni swali la haki na sikuwa na jibu zuri. Tulibishana mpaka adhuhuri ikakaribia. Mwishowe tukakubaliana kwamba asiye na fedha alete kibaba cha unga au kuni, na asiye na hivyo aje mwenyewe kukoroga siku moja kwa wiki, ila kikombe kisinyimwe mtoto. Wapo wanaokwepa mpaka leo, nawajua, nawashonea. Lakini kinachonipendeza ni kuona mama asiye na shilingi amesimama kwenye sufuria anawagawia wote, wa mwenye duka na wa kwake, na mwanawe anamwona.

Kama wa kwako ndiye anayechekwa, ushauri wangu ni mfupi zaidi, kwa kuwa huko sijapita kama mzazi. Usimwambie apuuze. Nenda kwa mwalimu wa darasa ukiwa na maneno yaliyosemwa na siku, siyo hasira tupu. Na yakizidi utani wa majina, yakawa kupigwa, kunyang'anywa au kushikwa vibaya, kuna simu ya msaada kwa mtoto, namba 116, haitozi kitu, na mtoto mwenyewe anaweza kupiga. Nimeiandika kwa chaki ukutani juu ya cherehani.

Desemba iliyopita yule binti alikuja mwenyewe kibarazani, karefuka, anataka sketi mpya ipimwe. Bibi alikuwa amepata kitambaa. Mwanangu alikuwa pale na bobini zake, akainamisha kichwa kama anatafuta kitu sakafuni. Nikachukua futi, nikampima kiuno, nikampima urefu, nikauliza pindo tuache inchi ngapi.

Binti akamtazama kijana wangu, akasema: "Mwulize Mpima Ardhi, si ndiye anayejua ramani?"

Shoga yangu akashika mdomo. Mimi nikajifanya natafuta mkasi. Mwanangu masikio yalimwiva, akakaa hivyo kitambo, kisha akanyanyuka, akachukua chaki, akasema: "Inchi nne. Utarefuka tena."