Kwa nini tunafungwa kila tukipanda Nairobi

Mleta uzi ameuliza kwa uchungu: timu yetu ya magongo ikicheza huku Pwani inawatoa watu jasho, ikipanda Nairobi inarudi na kapu la mabao. Je, vijana ni waoga, au marefa wana lao? Mmoja wenu ameshaingiza na habari za kurogwa. Mimi ni shabiki wa siku nyingi, niko hapa Malindi, magongo nimeyacheza tangu michezo ya shule ya muhula wa kwanza, na mara kadhaa nimepanda basi moja na hao vijana. Nitasema nilichokiona.

Marefa tuwaache. Maamuzi mabaya tunapewa hata nyumbani, na timu iliyofungwa manne haijafungwa na filimbi.

Tazameni wanachokikanyaga. Uwanja wetu ni wa udongo na mchanga, nyasi zake zinangoja mvua. Mpira ukipigwa unarukaruka, hujui utakufikia magotini au kwenye kidole gumba. Kwa hiyo kijana wa huku amejifunza kusimama wima, gongo wima, auzime mpira kwanza, halafu ndiyo ainue kichwa kutafuta mwenzake. Kule City Park, uwanja wa magongo wa Nairobi, ni nyasi bandia, zikamwagiwa maji kabla ya mechi. Mpira hauruki, unateleza chini kwa chini na unafika kabla hujajipanga. Waliokulia pale wanachuchumaa, wanalilaza gongo lote chini, na kuuzuia na kuutoa ni tendo moja.

Kuna mechi moja naikumbuka vizuri. Beki wetu wa kulia, ambaye huku winga wanamkimbia, alipigiwa pasi ya kawaida kabisa. Akasimama vile alivyozoea, akausubiri mpira uruke. Haukuruka. Ukapita kati ya gongo na kiatu chake, ukatoka nje. Jukwaani wakaangua kicheko. Pasi iliyofuata akaiogopa, akarudi nyuma hatua mbili, na hizo hatua mbili ndizo winga wao alizokuwa akizitaka. Huyo kijana mtamwita mwoga?

Sasa njooni kwenye kona fupi, ile adhabu ya kosa la walinzi karibu na goli lao, maana mabao mengi tunafungwa hapo. Walinzi wanne na kipa wao wanajipanga nyuma ya mstari wa goli, washambuliaji wanausukuma mpira kutoka mstari huo hadi nje ya duara la mbele ya goli, uzuiwe hapo, urudishwe ndani ndipo upigwe. Kwenye udongo wetu anayeuzuia hupapasa kidogo, na huo muda mdogo unamtosha mkimbiaji wetu wa kwanza kumfikia mpigaji. Saa yake ya kutoka ameitega kwa uwanja wa nyumbani. Kule mpira unazuiliwa mara moja, mpigaji anauburuta kwa gongo na kuurusha juu kwenye pembe, na mkimbiaji wetu bado yuko njiani. Kipa naye hajapata kufanya zoezi la kuteleza chini akiwa na pedi zake, kwa sababu huku akiteleza hivyo atainuka hana ngozi.

Viatu vivyo hivyo. Nusu ya timu inakwenda na njumu za kandanda za meno marefu. Kwenye zulia lile la nyasi bandia wanateleza kama kuku kwenye vigae.

Na hili si letu peke yetu. Kenya ilimaliza ya nne katika Kombe la Dunia la 1971 kule Barcelona, na mechi zilichezwa kwenye nyasi za kweli. Michezo ya Olimpiki ya Montreal, 1976, ndiyo ya kwanza ambapo magongo yalichezwa kwenye nyasi bandia, na Kenya haikucheza kwa sababu ya mgomo wa nchi za Afrika. Baada ya hapo mchezo ukawa wa wenye mazulia. Timu yetu ya wanaume ilifika Los Angeles 1984 na Seoul 1988, na toka hapo Olimpiki ya magongo tunaitazama kwenye televisheni. Dunia ilivyoiacha Kenya ndivyo Nairobi inavyotuacha sisi.

Kuhusu safari nitasema machache, kwani aliyewahi kupanda basi la usiku anajua. Malindi hadi Mombasa ni kama kilomita 120, kisha karibu 500 nyingine hadi Nairobi. Unaondoka jioni, unakunja magoti usiku kucha, foleni ya malori inakupokea Mlolongo alfajiri, na siku hiyo hiyo unaingia uwanjani. Mtaniambia kuna treni mpya ya SGR kutoka Mombasa tangu 2017. Ipo, ila tiketi hukatwa mapema, na nauli yetu hukamilika dakika za mwisho baada ya kupitisha daftari la mchango barazani.

Hewa pia ina lake. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, sisi mawimbi tunayasikia tukiwa kitandani. Robo tatu za mwanzo vijana hujikaza, ya nne miguu inakataa. Sheria ya magongo ina dawa yake: unabadilisha wachezaji upendavyo, anatoka anapumua, anarudi. Wenzetu wanao watano benchi, wanazungushana bila kuchoka. Sisi tukisafiri benchi lina wawili, mmoja ni kipa wa akiba. Hapo ndipo pesa inapogeuka mabao, na namshangaa anayesema tatizo ni moyo.

Sikubaliani na aliyependekeza vijana wakae Nairobi wiki nzima wazoee. Nani atawalipia? Wengine wana vibarua, wengine ni bodaboda. Usiku mmoja wa kulala kitandani ungetosha kutuokolea bao moja au mawili, na nauli ya watu watatu zaidi ingetuokolea robo ya nne.

Mazoezi nayo yabadilike. Zulia hatuna, lakini maji yakikupwa, ufuo wetu hapa Malindi unabaki mpana, sawasawa na mgumu kwa lile tope la mto Sabaki. Nimewaona vijana wakijaribu pale, na mpira unakimbia kwelikweli, unamlazimisha mtu achuchumae. Kocha afuate saa za maji, si saa kumi kila siku. Magongo yasuuzwe kwa maji matamu baadaye, chumvi inayala. Siku za maji kujaa, sakafu yoyote ya saruji inafaa kwa kuzuia na kutoa pasi, na kona fupi zifanyiwe zoezi hapo hapo ili wakimbiaji waizoee kasi.

Sasa la vitendo. Tukipangiwa tena City Park, natafuta mwenye nyumba Parklands, Ngara au Eastleigh atakayetuachia sebule usiku wa Ijumaa. Mikeka na shuka tutabeba, chakula tutajipikia, na vijana hawana fujo. Aliye tayari aniandikie faraghani, nami nitamwunganisha na meneja wa timu.