Tantini Anajibu: "Direkta anataka tumurudishe mwaka wa pili"

*Tantini jambo. Mi niko mwalimu wa mwaka wa ine primeri hapa Katuba, Lubumbashi. Nilikuwa na batoto 58, sasa katikati ya mwaka direkta ananiletea bengine bane, babili batoka Rutshuru juu ya vita, babili ni Barundi. Moja wa Barundi ana miaka 13, nikimuuliza kwa kifaransa anaangalia chini tu. Direkta anasema tumurudishe mwaka wa pili. Pa rekre benzake banamupatia majina mabaya. Formasio sina, kitabu ya ziada sina. Nifanye je?*
Mwalimu wa Katuba

Mwalimu wangu, pole, batoto 62 kwa mutu moja tayari ni kazi ya batu babili. Tuanze na ile ya mwaka wa pili: usikubali. Mutoto wa miaka 13 ukimukalisha na batoto ba miaka 7, atavumilia haya siku kidogo, kisha utamukuta ku soko anauza maji ya sashe, na hapo hakuna mwenye atamurudisha masomo.

Hajui kifaransa, sawa, lakini mahesabu je? Burundi miaka ya kwanza banafundisha kwa kirundi, kifaransa kinakuja kuwa luga ya kufundishia mwaka wa tano, kwa hiyo huyo mutoto anaweza kujua kugawanya vizuri kabisa na wewe hujamuona bado. Muandikie namba tupu ku tablo, bila maneno, umuache afanye. Kisha jaribu kiswahili. Kama ni mutoto wa Buyenzi kule Bujumbura, pengine kiswahili chake kitakupita. Kama anatoka milimani hatakisikia, basi uliza hao babili wa Rutshuru banasema nini ku nyumba: kama ni kinyarwanda, hicho na kirundi vinasikilizana, umupatie moja awe jirani yake ku banki ya darasa. Ila uulize kwanza, Rutshuru kuna Banande na Bahunde pia, usidhanie tu.

Na usiogope kueleza somo kwa kiswahili hata mbele ya inspekta. Programu yetu yenyewe inasema miaka miwili ya kwanza ya primeri ni kwa luga ya taifa, na huku kwetu ni kiswahili, sasa mutoto aliyefika juzi mbona umunyime hiyo daraja?

Ukiona kweli hajasoma, hata kusoma herufi hapana, basi si mwaka wa pili, tafuta sentre ya ratrapaji (CRS), masomo ya batoto baliochelewa, kule miaka 6 ya primeri banaifanya kwa 3, na anakaa na benzake wa umri wake.

Majina ya rekre: usifanye hotuba mbele ya darasa lote, na tafadhali usimusimamishe aeleze vita, walimu wengi banafikiri ni kumusaidia, mimi naona ni kumuvua nguo. Ita wale babili batatu wenye kuanzisha, peke yao, ubaseme kwa ukali. Kisha mupatie huyo mutoto kazi yenye benzake batamuhitaji, kugawa makaye, kushika balo. Fimbo weka mbali. Na mvua za hapa zinapoanza, radi ikipiga ku manzanza, mabati ya juu ya darasa, usishangae mutoto wa vita akiingia chini ya banki, muache atoke mwenyewe, endelea na somo kwa sauti ya kawaida.

*Tantini, nimepokea batoto ba dada yangu, balikimbia Bukavu bila kitu. Ku masomo banasema bila biletini, karatasi ya alama za mwaka, hapana. Banataka na feza na yunifomu.*
Mama wa Ruashi

Mama, hao ni Bakongomani, kwa sheria si bakimbizi, ni badeplase, batu baliohamishwa ndani ya inchi yao, haki yao ni sawa na ya mutoto aliyezaliwa hapa Lubumbashi, ku Kamalondo. Katiba ya 2006, kifungu 43, inasema primeri ya serikali ni ya lazima na ya bure, na tangu Septemba 2019 hiyo bure ilianza kufuatwa (ya privé ni mambo ingine, usipoteze nguvu kugombana nao). Omba babapime nivo kwa teste, babapange kufuatana na umri na teste hiyo. Direkta akikataa, panda ku su-divizio, ofisi ya serikali ya masomo, na barua, ubaki na kopi yenye kupigwa kashe. Mwalimu wa hapo juu naye asikie: Barundi bake, kama balikimbia kwao, njo bakimbizi, karatasi yao inatoka CNR, ofisi ya serikali ya bakimbizi, na mkataba wa 1951 juu ya bakimbizi, kifungu 22, unasema primeri basome sawa na batoto ba inchi.

Yunifomu, omba mwezi moja. Shati nyeupe na bluu ya kuvaliwa utapata soko ya komini Kenya, hapa hapa Lubumbashi, nenda asubuhi, mchana nzuri zimekwisha.