Ombi la zoni tumeliweka mezani, je siku zinasimama?

SWALI: Habari kaka, mi ni mjumbe wa tume ya mipango kwenye mji mdogo hapa Minnesota, kazi ya kujitolea, na haya mambo ya taratibu za vikao nayaokota njiani tu. Kuna mtu kaomba kibali cha kuweka sehemu ya kuoshea magari karibu na nyumba za watu, karatasi zake zilipokelewa tarehe 3 Machi zikiwa kamili. Kikao cha tarehe 25 tukabishana weee habari ya kelele na foleni, mjumbe mmoja akatoa hoja ombi liwekwe mezani, tukapiga kura tukaenda zetu nyumbani. Kikao kijacho ni tarehe 22 Aprili. Sasa wakili wa mwombaji anasema tukizubaa kibali kinapita bila kura ya mtu yeyote. Ni kweli?

JIBU: Kweli dada, na bora umeuliza sasa maana siku ya 60 inaangukia tarehe 2 Mei. Hapo Minnesota kuna kifungu cha 15.99 cha sheria za jimbo, wengi wanakiita sheria ya siku 60, kinasema ombi la maandishi la mambo ya zoni (yaani eneo gani litumike kwa kazi gani) likimaliza siku 60 bila kukataliwa basi limekubaliwa, lenyewe tu, hata kama mtaa mzima haulitaki. Na hizo 60 ni zenu pamoja na baraza la mji, sio nyie zenu na wao zao, kwahiyo kama nyie mnapendekeza tu na baraza ndo linaamua, mmeshakula muda wao.

Hiyo ya mezani sasa. Sisi tuliokua tunasikiliza Bunge redioni inatuchanganya, maana Dodoma hati "inawasilishwa mezani" ili ianze kushughulikiwa, ule mtindo wa Waingereza, Wamarekani wao wakiweka kitu mezani wanakisimamisha. Na kwenye kanuni za Robert (yule injinia wa jeshi la Marekani aliyetoa kitabu chake cha taratibu za vikao 1876, miji kibao bado inakifuata) hoja hiyo ni ya dharura tu, tuseme mgeni kafika na ana ndege ya kuwahi, mnasogeza jambo pembeni mnamsikiliza halafu mnarudi. Ndo maana haijadiliwi, ikishaungwa mkono inapigiwa kura hapohapo. Kuitumia kukwepa uamuzi mgumu ni makosa, japo wenyeviti wanaothubutu kuikataa ni wa kuhesabu.

Mlichokuwa mnakitaka nyie ni kuahirisha mpaka tarehe fulani. Hiyo inajadiliwa, tarehe mnaweza kuirekebisha, na siku ikifika jambo linarudi kwenye ajenda bila mtu kulikumbushia. La mezani halirudi lenyewe, lazima mtu atoe hoja ya kulichukua, na nyie mnaokutana kila mwezi, kikao cha Aprili kikiisha halijachukuliwa hoja imekufa. Hapo ndo watu wanaumia, kwasababu iliyokufa ni hoja, ombi la yule bwana liko hai na siku zake zinahesabika vilevile. Kuna na kuahirisha bila kikomo, hiyo ni kuua hoja kistaarabu, kwenye zoni kaa nayo mbali.

Lakini hakuna hata moja kati ya hizo inayosimamisha hesabu ya sheria. Kinachoongeza muda ni barua. Mji unamwandikia mwombaji kabla ya zile 60 kuisha, unataja sababu na muda mnaotarajia kuchukua, na nyongeza haizidi siku 60 nyingine mpaka yeye mwenyewe akubali. Mwenyekiti kutangaza kikaoni haitoshi, hata kama mwombaji alikaa kiti cha mbele anasikia. Na msijaribu kusema sasa hivi eti karatasi zilikuwa na upungufu, hilo lilitakiwa aambiwe kwa maandishi ndani ya siku 15 za kazi.

Kwahiyo kesho asubuhi mpigie karani wa mji na wakili wa mji, barua itoke wiki hii usingoje kikao. Tarehe 22 mtu atoe hoja ya kulichukua ombi, jadilini, mpendekeze kitu kimoja lipande barazani. Mkipendekeza likataliwe andikeni sababu za maana, "majirani hawataki" sio sababu, kelele za mashine usiku, magari kupanga foleni mpaka barabarani, kifungu kipi cha kanuni za mji kinavunjwa, hizo ndo sababu. Baraza nalo likipiga kura ya kukubali ikashindwa, hata kwa kugawana sawa kwa sawa, sheria inahesabu wamekataa, ila waliopinga lazima wataje sababu zao palepale ziingie kwenye kumbukumbu za kikao.

Ah, na siku ukiletewa ombi la kugawa eneo kuwa viwanja, hizi hesabu ziweke pembeni, hilo lina sheria yake na ramani ya awali inapewa siku 120.